Hatua Saba za Mzee wa Bomba

Mama yangu alimnunia Mzee wa Bomba kwa ajili ya hatua tatu. Si shamba, si ng'ombe, si maneno ya kashfa. Hatua tatu tu za mwanaume mrefu aliyevaa gambuti. Alianza kumnunia mtaa wetu ukiwa na nyumba tano, akaendelea mpaka tukawa na makanisa mawili, baa tatu na kijiwe cha bodaboda. Yule mzee akipita, mama anageuka na kuanza kuzungumza na migomba. Mimi nilikuwa naona haya, kwa sababu kila Alhamisi mzee huyohuyo alikuwa anakaa dukani kwangu, juu ya mfuko wa saruji, na tulikuwa tunaelewana vizuri.

Jina alikuwa nalo, na kwenye kitambulisho chake lilisomeka bila shida, ila hakuna aliyelitumia. Kwa wakubwa na wadogo alikuwa Mzee wa Bomba. Kwa mama alikuwa "Yule". Kazi yake ilikuwa kutembea. Chini ya ardhi yetu, pembeni kidogo mwa Mbalizi, limepita bomba la mafuta linalotoka baharini kwenda nchi jirani. Juu yake kuna mkuza, yaani ukanda wa majani ambamo hairuhusiwi kujenga, kuchimba wala kupanda mti. Wenye bomba walimwajiri kukikagua kipande chake kwa miguu, leo kwenda, kesho kurudi, aangalie kama kuna mtu ametia jembe pasipotakiwa. Alianza kazi hiyo mkuza ukiwa katikati ya mahindi, na mji ulipokuja ulimkuta yuko njiani.

Salamu yake ilikuwa moja: "Hamjambo, mnachimba nini?" Aliitoa kwa pumzi moja, nusu ya pili ikifika kabla hujaitikia ya kwanza. Aliwasalimia hivyo hata watu waliokaa sebuleni wanakunywa chai. Alimsalimia hivyo mchungaji aliyekuwa anatoka madhabahuni. Alimsalimia hivyo jirani yetu mpya, daktari wa meno aliyehamia kutoka Mbeya mjini, naye akajibu kwa heshima zote kwamba siku hiyo alikuwa ameziba tu, hajachimba. Mzee akaandika.

Maana alikuwa anaandika. Alibeba kaunta buku ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa wa sukari, na kila shimo la mtaa wetu lilikuwa na mstari wake. Siku moja alikwenda kunawa mikono akaliacha juu ya saruji, nikasoma: "Choo cha balozi, nje ya mkuza, safi. Kisima cha kanisa, nje, hatua kumi na mbili. Shimo la mbwa wa mama mwenye baa, ndani. Mbwa ameonywa." Vitu vingine alivyobeba ni panga na mwavuli mweusi ambao sijawahi kuuona umefunguliwa hata mvua ikinyesha, kwa sababu ulikuwa wa kuonyeshea. Juu ya yote alivaa reflekta ambayo zamani ilikuwa ya rangi ya chungwa na kwa kufuliwa sana ikawa kama chai ya maziwa.

Hatua yake moja ilikuwa mita moja. Yeye ndiye aliyesema, tukacheka, mpaka siku fundi wangu alipoleta futi kamba tukapima kutoka dukani hadi barabarani. Hatua thelathini na nne, mita thelathini na nne. Kuanzia hapo watu walitaka kuziazima zile hatua. Waliogombania mipaka walimwita, akakataa, kwamba miguu ile ni ya mkuza. Mara moja tu alikubali. Ilikuwa mechi ya shule mbili, chokaa imefutika kwa mvua, na walimu wamekaribia kushikana mashati kwa ajili ya penalti. Alitembea hatua kumi na moja kutoka golini, akachomeka mwavuli, akaondoka bila kuangalia mpira ukipigwa.

Dukani kwangu nauza saruji, nondo, misumari na bati, na kwa hiyo nilikuwa na uhusiano mgumu na kazi yake. Mzee alikuwa amegundua kwamba kila shimo huanzia dukani. Alikuwa anakuja Alhamisi, siku ya wateja wengi, anakaa, anawaangalia.

"Hiyo mifuko sita ya nini, mwanangu?"

"Ya kawaida tu, mzee."

"Kawaida ya wapi? Juu ya barabara au chini?"

Mteja akishasema "chini" alikuwa na safari. Mzee anasimama, anajikung'uta vumbi la saruji matakoni, anamwambia twende ukanionyeshe. Wengine walianza kununua Ijumaa. Nilimlalamikia kwamba ananifukuzia wateja, akanijibu kwa upole wote, "Binti wa mwalimu, mtu akijenga juu ya bomba utamuuzia saruji mara moja. Akijenga pembeni utamuuzia maisha yote." Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli.

Mkuza wenyewe ulikuwa na nguzo fupi za zege zenye maandishi ya hatari, kila baada ya umbali fulani, sisi tukiziita bikoni. Bikoni zilikuwa na kazi nyingi mtaani. Mbuzi walifungwa hapo. Wachumba walisimama hapo kupiga picha, kwa sababu ndipo palipokuwa na majani mazuri. Moja iliandikwa "Vocha zipo", na mzee akaipaka rangi upya, ikaandikwa tena, akaipaka tena, mpaka mwenye vocha akachoka. Lakini kuna moja ilipotea kabisa. Mzee aliitafuta wiki nzima kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Siku ya nane alipita kwa balozi wetu wa nyumba kumi, akakaribishwa chai, akanywa vikombe viwili, akaomba aelekezwe bafuni. Alichelewa kutoka. Alipotoka alikuwa ameikumbatia bikoni, imelowa, na maandishi ya hatari yamefutika upande mmoja. Mke wa balozi alikuwa anaitumia kusugulia miguu. Balozi alieleza kwamba aliiokota ikiwa imeanguka na aliihifadhi kwa niaba ya serikali. Mzee akamshukuru kwa kuihifadhi, akaomba tu kujua kama serikali ilikuwa na habari.

Halafu kuna yule mchimbaji wa Chunya. Alikuja kumtembelea dada yake, na kama walivyo wachimbaji wadogo wa kule, hakuweza kutembea bila ile mashine yao ya kutafutia dhahabu, detekta. Asubuhi akajinyoosha kwenye majani ya mkuza kuijaribu, ikalia. Akasogea, ikalia. Akatembea nayo hadi karibu na mto, ikalia njia nzima bila kupumua. Huyu bwana alikuwa amechimba vumbi la Chunya miaka mingi akipata vidonge vya kuhesabu, na sasa amekanyaga mwamba usio na mwisho, tena hauna mtu. Hakumwambia hata dada yake. Mzee alimkuta amezama hadi mapajani, jasho linamtoka, anaimba taratibu.

"Hujambo, unachimba nini?"

"Choo, mzee."

"Choo cha nani, hapa hakuna nyumba?"

"Nitaijenga baadaye."

Mzee akakaa pembeni ya shimo akamuuliza, bila ukali, kama huko Chunya amewahi kuona mwamba wa dhahabu ulionyooka kama rula, wenye upana uleule, unaopita chini ya mto na kutokea ng'ambo. Yule bwana akafikiri. Alipoelewa alitoka shimoni kwa kuruka, akasimama mbali, maana jembe lake lilikuwa limebakiza udongo wa mkono mmoja. Walifukia pamoja. Mzee aliwapigia wakubwa wake simu waje kukagua, na kwenye kaunta buku akaandika, "Choo, ndani. Ameahirisha."

Nisimfanye malaika. Alikuwa na makosa yake, na kubwa ni lile la vitumbua. Jioni moja, kama saa kumi, mtaa mzima ulinusa dizeli. Mzee alikuwa ametufundisha mikutanoni mara nyingi: ukinusa mafuta usiende na ndoo, usiwashe hata kiberiti, simu isitumike hapo, ondoka kuelekea upande unakotoka upepo, ukifika mbali ndipo upige ile namba. Watoto wa shule waliijua namba ya bomba kuliko namba za wazazi wao. Siku hiyo watu wazima wawili walishatoka na ndoo. Mzee akatokea anakimbia, na gambuti zile, akawapokonya ndoo, akawafukuza kwa mwavuli. Kisha akamwona mama wa vitumbua, jiko linawaka, karai linachemka. Hakukuwa na maji karibu. Kulikuwa na beseni la uji wa vitumbua, mchele uliosagwa na nazi na iliki, wa kesho na wa kipaimara cha Jumapili. Alilipindulia lote juu ya mkaa.

Ilikuwa ni lori bovu lililopasuka tangi kwenye gereji ya jirani. Bomba lilikuwa salama salimini. Mama wa vitumbua alimwangalia mzee, akaliangalia jiko lake lililokuwa limeiva juu na kuungua chini, akasema neno la Kisafwa ambalo sitaliandika. Mzee hakujitetea. Kwa wiki mbili alikuwa anafika kwake alfajiri, kabla ya zamu, anamtwangia mchele. Nilipomuuliza kama hakuona aibu kuzima jiko kwa ajili ya lori, alisema, "Nikizima bure, mtanicheka. Nisipozima ikawa kweli, nani atabaki wa kunicheka?" Tulimcheka, na yeye alicheka pia.

Alikuwa na ujasiri wa ajabu na woga wa ajabu. Kampuni moja ya kuchimba mitaro ya maji ilileta kijiko, lile tingatinga lenye mkono mrefu, likaanza kula ardhi kuelekea mkuzani bila kuuliza mtu. Mzee alipanda ndani ya ndoo ya kijiko ilipokuwa chini, akaketi, akafungua kontena lake la wali maharage. Dereva alipiga honi. Mzee alitafuna. Msimamizi alikuja, akatukana kidogo, akaomba kidogo. Mzee alimaliza wali, akajifuta, akatoa machungwa. Alikuwa na machungwa manne, na alikuwa anayamenya taratibu ili yamfikishe. Chungwa la tatu ndipo mhandisi alipofika na ramani, na ramani ikasema mtaro upite kwingine. Mzee huyohuyo alikuwa anaogopa bata. Kwa daktari wa meno kulikuwa na bata dume mmoja, na mzee alikuwa anazunguka nyuma ya kanisa, njia ndefu, ili asikutane naye. Sikuwahi kupata sababu.

Na kuna habari ya banda lake mwenyewe. Alikuwa amepanga kwa mjane mmoja karibu na mkuza, na alifuga nguruwe wawili. Mipaka ilipopimwa upya, ilionekana kona ya banda imeingia mkuzani kwa kiasi cha kiganja. Alilipiga X nyekundu. Alijiandikia notisi ya siku thelathini, akaibandika kwenye mlango wa banda, akaisaini mara mbili, kama mtoaji na kama mpokeaji. Mkewe, mama mmoja mcheshi wa Iringa, ndiye aliyetusimulia yaliyofuata: siku ya ishirini na tisa mumewe alijiandikia barua ya kuomba nyongeza ya muda, kwa sababu nguruwe mmoja alikuwa na mimba. Alilala na barua hiyo. Asubuhi aliikataa. Alivunja banda, na nguruwe akazalia jikoni.

Misibani alikuwa hakosi. Wageni walidhani ni mlokole au ni mpenda pilau. Sisi tulijua. Watu wa kwetu, Wanyakyusa na Wasafwa, tunazika nyumbani, kwenye kiwanja cha familia, ili mtu asilale na wageni. Mtu aliyekatazwa kuchimba choo mkuzani atakubali, na aliyekatazwa kisima atakubali, lakini kaburi hakuna anayelihesabu kuwa ni kuchimba. Vijana wa mtaa wanaamka, wanachukua majembe, wanaonyeshwa mahali, wanaanza, na hakuna wa kuwauliza. Kwa hiyo akisikia kilio, mzee alitangulia kuuliza, "Analala wapi?" Pole ilifuata baadaye.

Hivyo ndivyo alivyofika kwetu.

Baba yangu alikuwa mwalimu, na alikuwa amesema azikwe chini ya kiwanja, kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Mama alikuwa amesema, mbele yetu sote, kwamba na yeye siku yake atalala palepale, ubavuni kwake, upande wowote utakaobaki. Walikuwa wanataniana juu ya hilo. Baba alisema basi aje na blanketi, Mbeya kuna baridi. Asubuhi ya mazishi vijana walikuwa wamefika magotini, mzee akatokea na mwavuli. Hakutoa pole. Alikwenda moja kwa moja kwenye bikoni, iliyokuwa imefunikwa na majani, akaigusa, akaangalia shimo.

"Wanangu, tokeni humo."

Baba mdogo alikasirika. "Mzee, leo siyo siku ya bomba."

"Bomba halijui leo ni siku gani," alisema. "Mmebakiza kidogo sana. Tokeni kwanza, tutagombana mkiwa huku juu."

Walitoka. Alitembea kutoka shimoni kupandisha juu, hatua nne, akachomeka mwavuli: hapa ndipo mkuza unapoishia. Baba mdogo akasema haya, basi tuchimbe hapo. Mzee akasimama kidogo, akaangalia huku na huku. Kisha akaongeza hatua tatu, akagonga ardhi kwa kisigino.

"Hapa."

"Si umesema mpaka ni pale kwenye mwavuli?"

"Ndiyo. Chimbeni hapa."

"Sasa hizo tatu za nini?"

"Saba," alisema mzee, akafungua kaunta buku akaandika.

Hatua ya saba ilikuwa ubavuni mwa banda letu la nguruwe. Hapakuwa na muda wa kubishana, jeneza limeshafika. Mchungaji alipoanza sala, nguruwe waliitikia. Alipotaja mavumbi, jike letu kubwa lilikoroma kwa kirefu, na baba mdogo akaangalia chini, mabega yanatikisika, nami sijui kama alikuwa analia. Mama aliona yote hayo. Alikuwa ameuona mwavuli kwenye hatua ya nne na mumewe kwenye ya saba, kati ya migomba yake na nguruwe. Kesho yake asubuhi mzee alipita. "Hamjambo, mnachimba nini?" Mama akageukia migomba.

Alhamisi ya kwanza nilimuuliza zile hatua tatu zilikuwa za nini. Alibinyabinya mfuko wa saruji.

"Hilo ni la mama yako," alisema. "Akiitikia salamu yangu, nitamwambia."

Nikampelekea mama ujumbe. Mama akasema, "Mwambie Yule, akirudisha hatua zangu, nitaitikia." Nikampelekea mzee. Mzee akasema kaburi halirudishwi nyuma. Nikampelekea mama. Nilifanya kazi ya tarishi kwa miezi kadhaa, halafu nikaacha, kwa sababu wote wawili walikuwa wakubwa kwangu na wote wawili walikuwa vichwa vigumu. Yeye hakuacha kusalimia hata siku moja. Mama hakuitikia hata siku moja. Mzee alistaafu hivyo, akaaga mtaa mzima nyumba kwa nyumba, kwetu akasimama getini akasema salamu yake kwa mara ya mwisho, migomba ikaongeleshwa, akapanda basi kwenda kuishi kwa binti yake Mafinga.

Alipoondoka nafasi yake ilichukuliwa na dada mmoja kijana mwenye pikipiki na simu yenye ramani. Mji haukungoja. Banda la nguruwe tulivunja, na mahali pake, upande wa juu tu wa kaburi la baba, kaka yangu akajenga nyumba na shimo la choo. Mwaka huo wa baridi kali mama aliugua kifua. Alipona, ila alipoinuka alikuwa na swali moja, asubuhi na jioni. Atalala wapi? Juu kwa baba kuna choo cha kaka. Kulia na kushoto, kuta za watu. Chini ndiko walikofukuzwa vijana siku ya mazishi. Bikoni yetu ilikuwa imeng'olewa na waliochimba mtaro, na yule dada wa pikipiki alisema yeye habahatishi, ameandika barua ofisini, mpaka wapimaji waje mtu asiguse. Mtendaji wa mtaa naye alikuwa ameshatangaza kwamba wasio na nafasi watazikwa makaburi ya mtaa, ng'ambo ya barabara kuu.

"Nikalale na watu nisiowajua," mama alisema. "Na baba yenu ananisubiri nije na lile blanketi." Alilia, na sijazoea kumwona mama akilia. Nilimchukia kaka kwa choo chake na nilimchukia mzee kwa mwavuli wake.

Mwezi uliofuata nilikwenda Mafinga kuchukua mbao. Dereva alipokuwa anapakia, nilimsikia mtu nyuma ya rundo la mbao za msonobari akiwaambia wabeba mizigo, "Hamjambo, mnachimba nini?" Walimjibu wanapakia. Alikuwa amekonda, gambuti zinampwaya, anatembea kwa kuegemea ule mwavuli. Alinikumbatia, akauliza habari za balozi, za mama wa vitumbua, za bata. Nikamweleza habari za mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani kwa binti yake, akatoka na mfuko wa sukari.

"Anaitikia salamu siku hizi?"

"Hapana."

"Nakuja hivyohivyo," alisema, akapanda mbele kwenye lori, katikati yangu na dereva.

Tulifika kesho yake mchana. Mama alikuwa anachambua maharage barazani. Mzee alisimama getini, akavua kofia. Hakutumia salamu yake. Alisema kwa Kihehe cha Mafinga, "Kamwene, mama." Mama aliangalia maharage. Aliangalia migomba, ambayo ilikuwa imebaki miwili tu, haimsaidii.

"Kamwene," mama alisema. "Haya, niambie hatua zangu."

Dada wa pikipiki nilikuwa nimempigia simu, akawa amefika na futi kamba. Mzee alifungua kaunta buku. Bikoni haikuwepo, lakini alikuwa ameandika umbali kutoka kona ya nyumba yetu hadi mpaka wa mkuza: thelathini na moja. Akasimama kwenye kona, akanyoosha mgongo, akaanza kutembea akihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini na moja alikuwa bado kwenye bustani ya mboga, hajafika hata kwenye kaburi. Alisimama pale kati ya sukuma wiki, akaiangalia miguu yake kama imemwibia.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika kifua. "Mzee wa Bomba," alisema, na lilikuwa ni mara ya kwanza kumwita hivyo, "hata wewe umepungua."

Futi kamba ikafungwa kazi. Mita thelathini na moja ilipita bustani, ikapita kaburi la baba, ikaishia kwenye majani. Dada akaangalia simu yake, akaangalia kitabu, akasema inalingana, mpaka ni hapo, ila barua ya ofisi ataifuatilia ili iwe rasmi. Kati ya hapo na kaburi la baba palikuwa na mita tatu tupu.

Mzee akampa mama kaunta buku. Mama akanipa mimi, hana miwani. Nikasoma: "Kaburi la mwalimu. Hatua saba. Nne za bomba. Tatu za mke wake. Asiambiwe leo."

Mama alichukua kitabu akakiangalia yeye mwenyewe, ingawa haoni.

"Na kesho yake?" aliuliza.

"Kesho yake ulikuwa huniitikii," mzee alisema. "Siku ile ningesemaje? Umekaa kwenye mkeka unalia, nije nikwambie na wewe nimekupimia? Ungenipiga."

"Ningekupiga," mama alikubali. Alipangusa macho kwa kanga. Kisha alishuka mwenyewe mpaka kwenye zile mita tatu, akasimama katikati, akanyoosha mikono kulia na kushoto, akageuka kuangalia upande wa baba. "Panatosha," alisema. "Hata blanketi litaingia."

Alimpikia ugali na kuku, akamfungia na mwingine wa kubeba. Jioni nilimsindikiza mzee kituoni. Alifika getini, akasimama, akageuka kwa mazoea ya miaka yote.

"Haya, mbaki salama. Mnachimba nini?"

Mama alikuwa amerudi kwenye maharage yake.

"Hatujachimba bado," alisema. "Tukichimba tutakuita."